Wiki Sita Kwenye Kochi

Namwita dada, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Nilipokwenda kuomba kazi kwake, miaka kumi na tisa iliyopita, aliniambia nishone kola moja mbele yake. Akaigeuza, akaivuta, akasema, "Kaa hapo, mdogo wangu." Nikakaa, na sijaondoka hadi leo.

Watu humwita Mama Pindo. Jina hilo alilipata kwa sketi za sare za shule. Sketi aliyoishona yeye huvaliwa na mtoto wa kwanza, ikashushiwa wa pili, ikapauka na kulegea kiunoni, lakini pindo lake haliachii. Tunashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kuna meza ya kukatia, pasi, marobota ya kitambaa cha buluu na kijivu, na cherehani mbili. Yake ina mota. Yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Nyuma yetu kuna pazia, na nyuma ya pazia ni sebule yenye kochi moja refu la rangi ya udongo.

Jambo moja nililiona mapema nisilielewe. Dada hakuwahi kukaa kwenye cherehani yangu. Hata nilipougua nikalala wiki nzima, na mota yake ikaharibika wiki hiyohiyo, aliona heri ashone kwa mkono kuliko kukanyaga ile yangu. Nilidhani ni madaha. Kila mtu na yake, nikasema, nikaacha.

Mumewe alikufa zamani, akamwachia mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo alikua akawa fundi wa majokofu, kazi inayompeleka mbali wiki mbili, wakati mwingine tatu. Alioa msichana mrefu, mwembamba, mcheshi, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Mtaani walimwita Mita, naye hakujali. Alitoka asubuhi na kofia yake na viatu vyake vya kamba, akarudi saa tisa na vumbi hadi magotini, na habari za mtaa mzima.

"Mama mdogo," aliwahi kuniambia, "hakuna mbwa asiyenijua mji huu. Wengine wanabweka kwa heshima tu."

Waliishi na dada, chumba cha nyuma. Mwaka wa pili wa ndoa yao Mita akashika mimba.

Miezi mitatu ya kwanza alitapika hadi tukamhurumia. Mwezi wa nne kichefuchefu kikakatika kama mvua inavyokatika, na nguvu zikarudi. Kliniki walimwambia aendelee na kazi yake, atembee, apumzike akichoka, anywe maji, asibebe vitu vizito. Yeye aliusoma mwili wake kama alivyosoma mita za watu. Kila siku alikuja na jipya. Leo mstari mweusi umeshuka kutoka kitovuni. Leo fizi zimetoka damu akipiga mswaki, na mkunga amesema ni kawaida. Leo amepanda ngazi za ghorofa ya tatu akahema, wakati zamani alizipanda akiimba. Jioni moja alisimama kwenye mlango wa pazia, mkono tumboni, nasi tukasimamisha kazi kumtazama.

"Kimecheza," alisema. "Kama mtu anagonga kwa kidole kutoka ndani."

Nilicheka kwa furaha. Dada hakucheka. Aliinamisha kichwa akaendelea kukata uzi ambao ulikuwa umeshakatika.

Siku chache baadaye, katika wiki ya ishirini, Mita alikuwa amekaa kwenye kigoda akitusaidia kuweka vifungo. Simu yake ikalia, akainuka ghafla, akajishika chini ya tumbo upande wa kulia. "Ah," akasema. Basi. Baada ya muda mfupi akanyooka.

Mkasi ulimponyoka dada ukaanguka sakafuni.

"Nini?"

"Si kitu, mama. Ni zile kano zinazoshika mji wa mimba. Mkunga alinieleza. Tumbo likikua zinavutika kama kamba za turubai, ukiinuka haraka zinachoma. Inapita."

"Mkunga gani? Kile kisichana cha juzi?"

"Mama, imeshapita."

"Kesho huendi kazini."

Mita alidhani ni utani. Alipoona si utani alijaribu kueleza polepole, kwa adabu, kwamba hana damu, hana homa, kwamba mtoto anacheza vizuri, kwamba kukaa bure kutamchosha kuliko kutembea. Nami nilikuwa nimekaa pale, sindano mkononi. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo sikutarajia kuyasikia kutoka kinywani mwake, maana si mtu wa maneno makali.

"Ukimtembeza mtoto huyo hadi akatoka, usije ukalia kwangu. Utakuwa umemkanyaga mwenyewe, kwa miguu yako."

Ulimi hauna mfupa. Mita aliweka vifungo mezani kimoja kimoja, akaingia chumbani. Nilimsikia akimpigia mumewe. Mume naye, kati ya mama na mke, alichagua njia nyepesi. "Msikilize mama," alimwambia. "Ni wiki chache tu." Mita akaomba likizo kazini, akakaa kwenye kochi.

Nataka nieleze vizuri, kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani dada alikuwa mkwe katili. Hapana. Alimbeba binti yule kama yai. Chakula alimletea kwenye sinia, maji ya kunawa kwenye beseni, mto mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti. Mita akitaka kwenda msalani, dada alimshika mkono hadi mlangoni na kumngoja. Akisimama kuchungulia barabarani, dada alikohoa kidogo, na Mita akarudi kukaa. Mimi nikatania, "Dada, kwa huduma hii hata mimi nishike mimba tena." Tukacheka wote watatu. Nikikumbuka kicheko hicho, naona aibu.

Tarehe ya kliniki ikafika. Dada akasema njia ina mashimo, gari litamtikisa, waende wiki ijayo akishatulia. Wiki ijayo akasema hivyohivyo. Mita aliacha kutuambia habari za mwili wake. Siku nzima ilikuwa kochi, simu, usingizi, na kochi tena.

Siku moja dada alikwenda kununua zipu. Mita akaniita kutoka nyuma ya pazia, sauti ya chini.

"Mama mdogo, wewe ulipokuwa na mimba ulikuwa unakaa hivi?"

Mimi nimezaa wanne. Wote wanne niliwabeba nikikanyaga cherehani, na wa tatu uchungu ulinikamata kola ikiwa mkononi. Nilitembea kwenda kisimani, nilitembea sokoni, na mkunga wa wakati wangu alinisifu kwa hilo. Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia. Lakini nyumba si yangu, kazi ninapewa na mwenye nyumba, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikamwambia, "Kila mimba na mwenyewe, mwanangu. Mvumilie tu mama yako."

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza tena.

Wiki ya sita, Jumatatu, alilalamika kwamba shavu la mguu wa kushoto linauma, limekaza. Dada akasema ni ganzi, hupata kila mwenye mimba. Jumanne mguu ukawa umevimba. Dada akasema miguu huvimba, hata yake ilivimba. Na ni kweli, miguu ya mjamzito huvimba, lakini huvimba yote miwili. Huu ulikuwa mmoja. Mimi kazi yangu ni kupima, jicho langu linajua tofauti ya inchi bila kushika futi. Nilipompelekea chai niliiona miguu yake imelala pamoja juu ya mto, na wa kushoto ulikuwa umeuzidi wa kulia kwa inchi mbili, ngozi inang'aa. Nikajitia hamnazo. Nilisema, "Labda umeulalia," nikarudi kwenye cherehani.

"Mama, mguu unauma kweli," Mita alisema Jumatano. "Ni wa moto. Twende tu hospitali."

"Nitakuchua," dada akasema. "Utalala vizuri."

Akapasha mafuta. Alipiga magoti sakafuni, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye magoti mabovu, akauweka mguu ule mapajani mwake na kuukanda kwa vidole vyake vya ushonaji, vyenye nguvu. Mita aling'ata ncha ya shuka. Hakupiga kelele hata mara moja.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ndiyo kwanza nachomeka pasi niliposikia dada akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mita alikuwa amekaa wima kwenye kochi, mkono kifuani, jasho usoni, anavuta hewa kwa vipande.

"Sipati pumzi," alisema. "Nikivuta... inachoma."

Jirani yetu mwalimu alikuwa anatoa gari kwenda shuleni. Nilimsimamisha katikati ya barabara kwa mikono miwili. Tulimwingiza Mita nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya dada, na njiani dada hakusema lolote ila, "Vuta, mwanangu. Vuta tena."

Hospitali walimchukua mlangoni. Tukakaa kwenye benchi hadi saa sita mchana. Kisha akatokea mwanamke mwenye sare nyeupe, umri wake ungeweza kukaribia wa kwangu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Ndiye mkunga wa kliniki. Kile kisichana cha juzi.

"Nani mama yake?"

"Mimi ni mama wa mume," dada akasema.

Mkunga alikaa naye kwenye benchi. Alituambia kwamba damu iliganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande kikapanda hadi kwenye pafu. Wameanza sindano za kuyeyusha damu. Mtoto yuko hai, moyo unapiga. Mama mtu bado wanamtazama. Kisha akauliza siku za nyuma zilikuwaje, na dada akaeleza yote, bila kujitetea: kochi, kliniki walizoruka, mafuta, kuchua. Mkunga alifumba macho dada alipofika kwenye kuchua.

"Mguu wa namna hii hauchuliwi, mama," alisema. "Unaachwa kama ulivyo, unaletwa hapa siku hiyohiyo. Mguu mmoja kuvimba, kuuma, kuwa wa moto, hilo si jambo la kungoja kesho."

"Mimi ndiye niliyemkalisha."

"Siwezi kukwambia kwamba ni kukaa peke yake. Mimba yenyewe huifanya damu iwe nyepesi kuganda, hata kwa anayetembea. Lakini kukaa wiki sita kunaongeza hatari. Tulimwambia atembee. Hakukuwa na sababu ya kumkalisha. Kwa nini ulimkalisha?"

Mtu alipita na kitanda cha magurudumu, kikaenda hadi mwisho wa ujia, kikakata kona. Ndipo dada akasema jambo ambalo kwa miaka kumi na sita ya kukaa naye kiwiko kwa kiwiko sikuwa nimelisikia.

Kabla ya mwanawe alikuwa na mimba nyingine. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anajifunza ushonaji, na cherehani za wakati huo zote zilikuwa za kukanyaga. Mwezi wa tano mimba ikatoka, mtoto wa kike. Mama mkwe wake alisimama mlangoni akamwambia, mbele ya majirani: umemkanyaga mwenyewe, kwa miguu yako.

"Nilikuwa nakanyaga kutwa," dada alisema. "Na maumivu yalianza hapahapa, chini ya tumbo. Kama yake."

Mkunga aliuliza kama alikuwa anaumwa kabla ya hapo. Dada akafikiri. Homa, akasema. Siku nne za homa kali, mpaka akawa anaota ndoto macho wazi. Aliendelea kushona kwa sababu sare zilikuwa zinangojewa.

"Mama, mimi sikuwepo, siwezi kuapa," mkunga alisema. "Lakini homa kama hiyo inaweza kutoa mimba. Cherehani? Wanawake wanashona hadi wiki ya mwisho. Nimewazalisha wengi. Miguu yako haikufanya kitu."

Nilitegemea dada angelia, au angeshusha pumzi ya kutua mzigo. Alitazama mikono yake tu.

"Miaka thelathini na minne," alisema. "Na juzi nimempa mtoto wa mwenzangu maneno yaleyale."

Mita alilazwa siku kumi na moja. Alipona. Alifundishwa kujichoma sindano mwenyewe tumboni kila siku, na alijichoma hadi kujifungua na wiki sita baadaye. Mumewe alirudi kutoka safari amekonda kwa siku mbili. Dada alimngojea amtukane, na naamini angeona nafuu kama angetukanwa. Lakini kijana yule alikaa ukingoni mwa meza ya kukatia, akachezea chaki, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyemwambia akusikilize." Kisha akasema kwamba Mita akitoka hospitali hawatarudi pale. Wamepata vyumba viwili karibu na kliniki. Hakusema kwa hasira. Alikuja na mkokoteni, akahamisha kitanda na kabati, akamwachia mama yake funguo za chumba cha nyuma.

Kule kwao Mita alianza kutembea tena, kwa kibali cha daktari, hatua chache, kisha hadi dukani, kisha kuzunguka uwanja. Jumanne alikwenda kwenye kundi la wajawazito, ambako mkunga aliwafundisha kukaa, kuinuka kwa kutumia magoti, kulala kwa ubavu, kunyoosha mgongo ukutani, na dalili zipi zisubiri na zipi zisisubiri. Mtoto alizaliwa wakati wake, wa kike, kilo tatu na zaidi kidogo, mwenye sauti ya mnadi.

Ila mguu haukurudi kama ulivyokuwa. Daktari alisema mshipa ukishaharibika huwa hivyo. Asubuhi uko sawa, jioni umejaa, na lazima avae soksi ndefu ya kubana, jua liwe kali namna gani. Kusoma mita hakuwezi tena, si kwa maili zile. Ofisi ya maji walimhamishia dirishani, anapokea malalamiko ya wateja. "Sikujua kiti kinachosha hivi," aliniambia.

Mtoto alipofikisha mwezi, dada aliniomba nimsindikize. Alikuwa ameshona vinguo sita vyenye pindo la kushushwa mara tatu. Njiani alikuwa akitembeza midomo kama mtu anayekariri somo. Tulipokaa, aliyasahau yote.

"Nimekuja... mwanangu, nimekuja kwa lile," alisema.

Mita alikuwa ameinua mguu juu ya kigoda. "Nilikuambia, mama," alisema. Hakupandisha sauti. "Siku tatu nilikuambia mguu unauma."

"Uliniambia."

"Na wewe hukuniambia habari za mtoto wako. Ningejua unaogopa nini, tungekwenda wote kwa mkunga, ukamwuliza mwenyewe. Mimi nilidhani unaniona mzembe."

"Sikuwahi kumwambia mtu."

"Najua. Mkunga aliniambia."

Mtoto akalia, Mita akamnyonyesha, akamcheulisha, kisha akampa dada ampakate. Dada alimpakata saa nzima, hata mkono ulipokufa ganzi hakuubadilisha. Tulipokuwa tunarudi alisema, "Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi nimeletewa yote mawili kwa mkupuo mmoja." Sikujua kama nicheke.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Wanakuja Jumapili moja katika mwezi, wakati mwingine wanaruka. Mita ana heshima zake zote, anamwita mama, anamletea matunda, anaondoka saa kumi. Hakai kwenye kochi. Hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Dada ameuza mota yake, sasa anashona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono; hana haja ya haraka, anasema, na mara mojamoja, nikitoka kwenda kununua nyuzi, narudi nimkute kwenye cherehani yangu, anakanyaga polepole, hana kitambaa chini ya sindano.

Mimi sijamwambia Mita kwamba niliuona mguu ule Jumanne. Kila akija nasema leo. Dada amebeba lawama yote na watu wamemwachia aibebe, nami nimekaa pembeni nikisifiwa kwamba ndiye niliyesimamisha gari. Jumapili iliyopita tulibaki wawili tu, mimi na Mita, mtoto amelala. Nikasema, "Mita, kuna jambo." Akageuka akanitazama, akatabasamu, akangoja.

Nikamwuliza kama soksi zile zinapatikana kwa rangi nyingine.